Wiki tano nyumbani Kasulu: mtumbwi wa dagaa na injini niviacheje Kome?

Kome_Magharibi

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaovijua vyombo.

Mtumbwi ni wa mbao, futi 28, wa dagaa, uko kisiwani Kome, Ziwa Victoria. Injini ni HP 15 ya kuchanganya oili na petroli, silinda mbili. Taa zinatumia betri mbili za maji za volti 12, na kambini kuna paneli moja ya sola. Wavu wa dagaa ni mmoja. Vijana ni wanne, na wawili wanataka waendelee kuvua wakati mwenye chombo hayupo.

Safari ni ya kwenda kwa wazazi Kasulu, wiki tano, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu au mwanzoni mwa wa nne. Masika yenyewe hiyo. Mtumbwi ubaki majini au upandishwe nchi kavu? Injini ilale vipi ili nikirudi iwake? Na hao vijana wawili, waachiwe chombo au wasiachiwe? Mwenye jambo jingine la maana kwa mtu anayetoka ziwani kwenda kukaa na familia, aliseme pia.

Hesabu_ya_Giza

Mkuu, kabla ya mtumbwi panga tarehe, maana hapo ndipo fedha inapopotea. Dagaa wanafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki. Kwa hiyo mbalamwezi ni likizo ambayo kazi yenyewe imeshakupa. Tatizo ni kwamba wiki tano zinazidi mzunguko mmoja wa mwezi, ambao ni siku 29 na nusu, hivyo lazima giza moja, yaani zile siku za kuvua mwezi ukiwa mdogo, likupite. Kinachobaki mikononi mwako ni kuhakikisha halikupiti jingine.

Tumia kalenda ya mwezi mwandamo, ile ya Waislamu. Ukiondoka tarehe 11 ya mwandamo, mbalamwezi ndiyo inaanza kushika. Hesabu siku 35: utarudi tarehe 16 au 17 ya mwandamo unaofuata, bado ni mbalamwezi, na una siku tatu hivi za kuandaa chombo kabla giza halijaanza kurudi kwenye tarehe 19 au 20. Umekosa giza moja tu. Ukiondoka tarehe 19, unaliacha giza likianza, unakosa lote, halafu unarudi kwenye tarehe 24 ya mwandamo wa pili. Giza la pili limeshaanza, na mtumbwi wako bado unavuja. Tofauti ya siku nane za kuondoka ni karibu nusu ya giza zima.

Kama wazazi hawajaweka siku maalumu ya shughuli, sogeza safari ifuate mwezi.

Fundi_Igombe

Nazungumzia injini peke yake.

Injini za HP 15 zinazolala mwezi mzima zikikataa kuwaka, mara nyingi kosa liko kwenye kabureta. Petroli iliyobaki ndani ya bakuli la kabureta huvukizwa na joto, ile sehemu nyepesi inaondoka, inabaki gundi iliyochanganyika na oili. Gundi hiyo inaziba kitundu kidogo cha kupitishia mafuta, kile kisichozidi ukubwa wa ncha ya sindano. Injini itawaka kwa shida, itaunguruma ukiivuta sana, na itazimika ukiipunguza. Watu wanabadilisha plagi tatu kumbe plagi haina kosa.

Siku ya mwisho ifunge kwenye pipa lililokatwa, maji yafunike tundu za kunyonyea maji. Iwashe dakika tano ili maji safi yasukume tope na vipande vya magugu maji vilivyobaki kwenye njia ya kupozea. Kisha, ikiwa bado inaunguruma, chomoa mpira wa mafuta. Iache imalize mafuta yaliyobaki mpaka ijizime. Usiishie hapo: chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue, weka kikopo, utaona bado yanatoka mafuta kidogo. Hayo kidogo ndiyo yanayogeuka gundi.

Toa plagi zote mbili. Kila tundu tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini za boti. Chomoa ile klipu ya kuzimia ili cheche isiruke, halafu vuta kamba ya kuwashia polepole mara tano au sita. Oili inapaka kuta za silinda na ringi zake. Masika hewa ina unyevu, na kutu ya wiki tano ndani ya silinda inakwangua ringi siku ya kwanza ya kuwasha. Rudisha plagi.

Sasa mguu. Injini ikiwa imesimama wima, fungua skrubu ya chini ya gia, kisha ya juu, mwaga oili yote ndani ya bakuli jeupe uitazame. Ikiwa nyeusi ni ya kawaida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Sababu ya kwanza kwa injini za wavuvi ni uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye shafti nyuma ya propela na kukata sili. Toa propela utazame hata kama oili ni nzuri, maana uzi unaweza kuwa umeshaanza kazi. Oili mpya ya gia, SAE 90 ya boti, inapandishwa kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu. Injini ya ukubwa huo inakula kama robo lita. Funga la juu kwanza ndipo la chini, la sivyo utabakiza hewa. Ukiwaza kuacha kazi hii mpaka utakaporudi, kumbuka maji yakikaa ndani wiki tano bila kuzunguka yanatia kutu kwenye beringi.

Injini isimame wima kwenye stendi ya mbao, ndani ya nyumba. Ukilazimika kuilaza, subiri maji yaishe yote, na kichwa kiwe juu kuliko mguu. Ikiinuliwa mguu juu, maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yanarudi kwenye silinda.

Mafuta yaliyochanganywa usiyahifadhi. Mpe au muuzie anayetoka usiku huo. Ukirudi changanya mapya kwa kipimo cha kitabu cha injini yako; kwa zile za lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, tenki la lita 25 linataka nusu lita. Moshi mzito mweupe dakika za kwanza ni ile oili ya kijiko, usitishike. Tishika kama maji ya kupozea hayatoki kwenye kitundu chake ndani ya nusu dakika. Hapo zima mara moja, tazama impela, ile inayosukuma maji ya kupozea.

Kalafati_Kayenze

Wengi watakwambia uache majini kwa sababu mbao zikikauka zinaachana. Ni kweli zinaachana. Lakini kwa masika, na chombo kisicho na mtu wa kukumba maji kila siku, majini ni kuuzamisha. Piga hesabu: mtumbwi wa futi 28 ukiutazama kutoka juu una uwazi wa kama mita 10 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo msimu huo ni ya usiku mmoja tu, inaingiza lita 500. Nusu tani. Mvua ya pili ikija kabla haijakumbwa, na mawimbi kidogo, umekwisha. Wapo wanaouzamisha makusudi kwenye maji ya magotini ili mbao zisikauke, na mahali pa mchanga palipotulia inawezekana, ila misumari inakula kutu na wimbi likigeuka linaupigisha mawe. Fukwe za upande wetu mawe hayakosekani.

Pandisha nchi kavu. Kwanza toa kila kitu ndani, mpaka mbao za kukanyagia. Vuta juu ya magogo, mbali kuliko alama ya mawimbi unayoijua. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na mialo mingi (fukwe za kushushia samaki) ikafunikwa, hivyo alama ya zamani haitoshi kuaminiwa. Usiulaze mkuku moja kwa moja chini: weka mawe bapa au magogo mahali pane, ili hewa ipite na mchwa wasipande. Ziwa letu halina wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao, adui mkubwa yuko nchi kavu. Kila siku mbili mtu apitie kwenye yale mawe na akikuta njia ya udongo ya mchwa aikwangue. Kazi ya dakika moja, na asipoifanya mwezi mzima unakuta mbao ya chini imebaki ganda.

Inamisha mtumbwi, nyuma iwe chini kidogo, na kizibo cha kutolea maji kitolewe kabisa ili mvua ijimwage. Kisha kivuli. Jua ndilo linalopasua, hasa siku za jua kali kati ya mvua mbili. Jenga chanja chepesi juu yake, tandika matete. Turubai likigusa mbao linahifadhi joto na kuvu, kwa hiyo liinue kama futi mbili. Jioni zisizo na mvua, ndoo mbili za maji zimwagwe ndani, kando ya maungio. Pamba iliyogongewa kwenye maungio ikibaki na unyevu haitoki.

Kamba: funga kwenye mti, pande mbili. Ukifunga kwenye jiwe, kamba inajisugua mpaka inakatika, na dhoruba za alfajiri za masika hazichagui.

Volti_12

Betri zako ni za maji, basi: jaza maji ya betri yale ya dukani mpaka yafunike sahani kwa kama sentimita moja. Usitie ya ziwa, yana madini yanayoharibu sahani. Chaji mpaka zijae, ziache saa kadhaa bila kutumika, pima. Nzuri inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma chini ya 12.2 baada ya kulala usiku kucha, hiyo ilikuwa inachoka kabla ya safari.

Kuchomoa kuna utaratibu: waya za paneli kwanza, ndipo za betri. Ukirudi, betri kwanza ndipo paneli. Kidhibiti cha sola kikipata paneli bila betri kinaweza kuungua. Kwenye joto betri inajimaliza chaji yenyewe hata haijafungwa kitu, kwa hiyo wiki ya tatu mtu aichaji siku moja. Ikikaa chini ya volti 12 kwa wiki kadhaa, chumvichumvi inaganda kwenye sahani na uwezo wake haurudi. Iwe kwenye ubao, penye hewa, chumba tofauti na petroli.

(Mwenye betri za lithiamu afanye kinyume: aziache nusu hadi robo tatu, zisijae.)

Kome_Magharibi

Nashukuru sana wakuu, haya ndiyo niliyoyataka. Mchanga upo kidogo, kivuli kinajengeka. Limebaki la vijana. Wakipewa chombo, yote ya kupandisha na kulaza injini hayana maana tena.

Mwalo_Kwanza

Ndugu, hapo umelitaja mwenyewe. Ama chombo kinafanya kazi ama kimelala, katikati hakuna. Chombo kinachovua siku mbili na kulala tano bila mwenyewe ndicho kinachorudishwa kimevunjika, kwa sababu hakuna anayejihesabu kuwa ndiye aliyekishika.

Maoni yangu: usiwaachie. Masika kuna dhoruba, mafuta ni ya kukopa, na nahodha ndiye anayesema leo hatutoki. Vijana wawili wenye hamu ya fedha na wasio na mtu wa kuwakataza ni hatari kwao kabla hata ya chombo. Watafutie nafasi kwenye mtumbwi wa tajiri mwingine kwa hilo giza moja. Wanapata riziki, nawe hupotezi watu wako.

Ukiona lazima kivue, basi andika. Nani nahodha, kwa jina. Mafuta, chakula na ushuru vitolewe kwanza, kinachobaki kigawanywe kwa kawaida ya mwalo wenu. Kitu kikivunjika kinatengenezwa kutoka fungu lipi. Majaketi okozi mangapi yanabaki chomboni. Saini mbele ya mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), nakala moja ibaki kwake. Na kabla ya hapo maliza hesabu za nyuma za wote wanne. Deni la mwezi uliopita ndilo linalomfanya mtu auze propela.

Kwa chombo kilicholala: mtunza mtumbwi asiwe mtunza injini. Injini iwe kwa mtu mwingine, wavu kwa mwingine ikiwezekana. Namba ya injini imegongwa kwenye bamba karibu na vishikio vyake, piga picha pamoja na namba ya usajili iliyochorwa mtumbwini. Nakala za leseni na usajili ziache BMU, halisi nenda nazo. Angalia tarehe za mwisho wa leseni zote usije ukarudi zimeshapita. Mtunzaji mlipe nusu sasa, nusu ukirudi, na mkubaliane atume picha ya mtumbwi kila Jumapili. Fedha za mauzo usitembee nazo, weka kwenye simu au benki kabla hujapanda kivuko.

Mama_Chanja

Kaka, wavu usiuweke ndani ya mfuko wa nailoni. Ufue kwa maji safi mara mbili mpaka harufu ya dagaa iishe, kwa sababu harufu ndiyo inayowaita panya, na panya akitoboa wavu wa dagaa hatoboi mahali pamoja. Uanike kivulini, jua linachosha uzi. Ukikauka kabisa uning'inize kwenye boriti kwa waya, si kwa kamba. Panya anateremka kwenye kamba.

La zawadi. Unakwenda mkoa wa Kigoma, na dagaa wa kule wana sifa yao, ukibeba gunia la dagaa wa kwetu umebeba maji kupeleka mtoni. Peleka kayabo. Sangara apasuliwe, atolewe mfupa, kilo 3 za samaki kwa kilo 1 ya chumvi, akae kwenye chumvi siku mbili au tatu akitoa maji, kisha aanikwe juu ya chanja mpaka ukimkunja anakataa. Kwa masika anza mapema, wiki mbili kabla, na mvua ikija mwingize ndani. Akianikwa chini, mchanga hautoki hata wazazi wamroweke usiku kucha.

Usimfunge angali ana joto la jua. Atatoka jasho ndani ya mfuko na kesho yake una kuvu. Apoe, afungwe kwa karatasi ngumu, ndipo kiroba. Na kama mzigo unazidi kitoweo cha nyumbani, pita kwa ofisa uvuvi wa mwalo akuandikie kibali, usingoje kuulizwa kizuizini.

Nesi_wa_Kisiwani

Mwili nao uandaliwe kama injini.

Kichocho cha tumbo kipo sana pwani hizi, na mtu anaweza kukaa nacho bila kuumwa wazi. Prazikwanteli hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Haiui minyoo michanga iliyoingia wiki za karibuni. Ndiyo maana likizo ni nafasi nzuri: wiki tano hukanyagi maji ya ziwa, iliyokuwa michanga inakomaa. Meza kabla ya kuondoka kama kituo chako kitashauri hivyo, halafu pima choo tena mwishoni mwa likizo au punde ukirudi, kabla hujarejea kazini.

Kwa mwenye dawa za CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), yeyote anayesoma hapa: usiondoke na vidonge vya kukisia. Nenda kliniki wiki moja kabla, sema utakuwa mbali wiki tano. Waliotulia na dawa hupewa za miezi mitatu au hata sita. Beba na kadi, ili ukikwama kituo cha huko kikuhudumie bila kuanza upya. Vidonge viwe kwenye begi la mkononi, begi la buti linapotea.

Na usingizi. Mvuvi wa dagaa analala mchana miezi yote. Siku tatu nne za kwanza nyumbani atakuwa macho saa nane usiku na kusinzia mezani, wazazi wadhani anaumwa au ana kisirani. Waambie mapema. Amka na jua hata kama hukulala, toka nje asubuhi, mchana usizidishe nusu saa ya kulala.

Njia_ya_Geita

Fupi tu kuhusu barabara. Ukitoka Kome kwa kivuko unashuka Nyakaliro, kisha Sengerema. Kasulu huna haja ya kurudi Mwanza mjini. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewafaa wanaotoka Mwanza. Wewe uko ng'ambo tayari. Pandia Sengerema au Geita, njia ni Katoro, Bwanga, Runzewe, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu. Kabla ya kukata tiketi uliza basi linapita wapi, kwa sababu mengine ya Mwanza–Kigoma yanazungukia Shinyanga na Kahama, hayo hutayaona Geita.

Kome_Magharibi

Nimeandika yote. Tarehe 11 ya mwandamo, chombo kilale, vijana nawatafutia nafasi. Swali la mwisho: nikirudi na siku tatu kabla ya giza, mtumbwi unaingia majini siku ile ile?

Kalafati_Kayenze

Siku ile ile, lakini si kwa kazi. Ukiwa bado juu, pitisha kisu butu kwenye kila ungio, pamba iliyolegea itoe, gongea mpya, rudisha kizibo. Jioni uingize kwenye maji ya kiunoni, mtupu, umefungwa pande mbili. Utavuja, na usiku wa kwanza utavuja sana. Kumba asubuhi, kumba jioni. Mbao zinavimba zenyewe na uvujaji unapungua kila siku. Siku ya pili ukiona ungio moja bado linatiririka wakati mengine yametulia, hilo halingoji kuvimba, linataka pamba, pandisha ulizibe. Siku ya tatu weka injini, pakia mawe ya uzito wa vijana wanne na wavu, zunguka karibu na mwalo nusu saa, kisha tazama maji yamefika wapi ndani. Yakizidi kopo tano za kukumbia, usitoke usiku huo.